Ndimu, Magadi na Udongo Wetu



Siku ya soko mjini Babati, tembea polepole utazame bidhaa zilizopangwa chini. Utaona mafungu ya ndimu na ukwaju. Utaona mafungu ya magadi, mengine meupe, mengine ya rangi ya vumbi. Utaona sabuni za mche. Mbele kidogo utaona chokaa ya kupaka ukuta. Na kando ya barabara yuko fundi anayechaji betri za magari, na chupa yake ya maji makali.

Vitu hivi vinaonekana havina udugu wowote. Lakini wataalamu wa kemia wanavigawa katika jamii mbili tu. Ndimu, ukwaju, maziwa mgando na maji makali ya betri ni jamii ya asidi. Wengi wetu tunaijua asidi kwa jina la tindikali. Magadi, majivu, chokaa na sabuni ni jamii ya besi. Besi inayoyeyuka katika maji huitwa pia alikali.

Katika somo hili tutajifunza tofauti ya jamii hizi mbili. Tutajifunza pia namba inayopima ukali wake. Usiseme kwamba hayo ni mambo ya wanafunzi wa sekondari. Maharage unayopika, meno ya mtoto wako na mbolea unayonunua vyote vinahusika.

Uchachu na utelezi

Ulimi wako unaijua asidi tangu utotoni. Asidi ni chachu. Ndimu ni chachu kwa sababu ina asidi. Maziwa yakikaa huchachuka kwa sababu vijidudu vidogo sana hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyagandisha.

Besi haina uchachu. Ukilamba magadi kidogo utasikia uchungu. Ukilowesha vidole kwa maji ya magadi au ya majivu, vidole vinateleza kama vimepakwa sabuni. Utelezi huo una sababu yake: besi inakula mafuta ya ngozi yako na kuyageuza kuwa sabuni. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuoshea vyombo vyenye mafuta kwa majivu.

Lakini angalia! Usionje wala usiguse kitu usichokijua. Maji ya betri hayaonjwi. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni haiguswi kwa mkono mtupu.

Sasa chukua kipande kidogo cha magadi, ukidondoshee maji ya ndimu. Utaona povu na utasikia mlio mdogo kama wa kukaanga. Asidi na besi zimekutana. Kila moja inatangua nguvu ya mwenzake. Hewa inayotoka ni ileile tunayoitoa tunapopumua, na ndiyo inayofanya soda ya chupa itoe mapovu. Ukiendelea kudondosha ndimu hadi povu liishe, kinachobaki si kichachu wala hakitelezi. Ni maji yenye namna ya chumvi.

Karatasi ya kupimia

Shuleni na maabara wanatumia karatasi ya litmasi. Hiyo hugeuka nyekundu katika asidi na bluu katika besi. Rangi yake hutoka katika mimea midogo inayoota juu ya mawe na magome ya miti. Sisi tunaweza kutengeneza karatasi yetu kwa binzari ya manjano.

Koroga kijiko kimoja cha binzari katika maji kidogo. Chovya karatasi nyeupe, kisha ianike kivulini. Ikikauka, ikate vipande vya upana wa kidole. Dondoshea kipande kimoja maji ya magadi. Rangi ya njano itageuka kuwa nyekundu ya kutu. Jaribu maji ya sabuni ya mche, halafu maji ya majivu. Ni vivyo hivyo. Jaribu ndimu: karatasi inabaki njano. Sasa dondosha ndimu juu ya lile doa jekundu. Njano itarudi.

Kina mama wengi wameshaona jambo hili bila kulitaka. Mchuzi wa binzari unamwagikia kitambaa cheupe. Unakifua kwa sabuni, na doa la njano linageuka jekundu mikononi mwako! Si uchawi, wala kitambaa hakijaharibika zaidi. Ni sabuni imejitaja kuwa ni besi.

Karatasi ya binzari ina upungufu wake. Inaonyesha besi tu. Haiwezi kutenganisha maji safi na asidi, maana kote inabaki njano. Tena haisemi ukali ni kiasi gani. Kwa kazi hiyo tunahitaji namba.

Namba ya pH

Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Denmark, Sørensen, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg mjini Copenhagen. Watengeneza bia walihitaji kujua uchachu kwa hakika, kwa maana bia huharibika uchachu ukizidi au ukipungua. Sørensen akatunga kipimo kinachoitwa pH. Soma: pi-echi.

Kipimo hiki kinahesabu nini? Asidi ikiingia katika maji, inaachia chembe ndogo sana za haidrojeni zenye nguvu ya umeme. Chembe hizi ndizo zinazoleta uchachu. Zikiwa nyingi, asidi ni kali. Besi huzipunguza chembe hizo.

Hapa wengi hukwama, basi tuende taratibu. Gramu moja ni kama uzito wa punje mbili tatu za maharage. Maji yenye gramu moja ya chembe hizo katika lita 1,000 yana pH 3. Lita 1,000 ni mapipa matano. Hesabu sifuri zilizomo katika 1,000. Ni tatu, na pH ni 3. Maji yenye gramu moja katika lita 100, yaani nusu pipa, yana pH 2. Maji safi kabisa yana gramu moja katika lita 10,000,000. Hayo ni mapipa 50,000! Hesabu sifuri: saba. Kwa hiyo pH ya maji safi ni 7.

Umeona? Sifuri zikiwa chache, chembe zimebanana katika maji machache, na asidi ni kali. Ndiyo maana namba ndogo ina maana ya asidi kali. Mambo yamegeuka kinyume cha vile tulivyozoea kwenye mizani, lakini ukikumbuka mapipa hutapotea.

Kipimo huanza 0 na kuishia 14. Saba iko katikati. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi. Maji ya betri yako chini kabisa, karibu na 0. Asidi iliyo tumboni mwako, inayosaga chakula, ni kati ya 1 na 2. Naam, tumbo lako hubeba asidi iliyo kali kama ya ndimu au kuizidi, na ikipanda kooni ndicho kiungulia. Ndimu ni kama 2. Maziwa mgando ni kati ya 4 na 5. Maziwa mabichi yanakaribia 7. Damu ya mtu ni 7.4, nayo haitakiwi kupanda wala kushuka ila kidogo sana. Sabuni ya mche hufika 9 au 10, na maji ya magadi makali 10 au zaidi. Kostiki soda iko juu kabisa, karibu na 14.

Jambo moja zaidi la hesabu. Kila ngazi moja ni mara 10. Udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 kuliko udongo wa pH 6, na mara 100 kuliko udongo wa pH 7. Basi mtaalamu akikuambia shamba lako limeshuka kutoka 6 hadi 5, usiseme ni moja tu.

Maziwa yetu, matamu na ya magadi

Ziwa Babati lina maji baridi, yaani yasiyo na chumvi wala magadi mengi. Humo wamo perege na kambale, na viboko pia. Lakini ukisafiri kwa njia ya Arusha, kabla hujafika mbali utaona Ziwa Manyara liking'aa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Maji yake ni ya magadi, na pH yake hupita 9. Ziwa Natron, karibu na mpaka wa Kenya, ni kali zaidi.

Kwa nini? Mvua huosha miamba na majivu ya volkano, na kubeba magadi hadi ziwani. Ziwa Manyara na Ziwa Natron hayana mto wa kutoa maji nje. Jua hunywa maji, magadi hubaki. Mwaka hadi mwaka yanazidi. Karibu na Ziwa Natron uko mlima Oldoinyo Lengai. Ni volkano pekee duniani inayojulikana leo kutoa uji wa moto wenye magadi ndani yake. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Chini ya Mlima Hanang pia liko Ziwa Balangida, ambako chumvi na magadi hukusanywa kingoni wakati maji yamekauka.

Heroe wanaishi vizuri katika maziwa haya, wakila mimea midogo inayopenda magadi. Samaki wengi hawawezi.

Magadi katika chungu cha maharage

Tuseme mama anapika makande. Mahindi na maharage ni makavu ya mwaka jana. Kuni ni ghali. Anatia kipande cha magadi, na maharage yanaiva haraka. Hajakosea kuhusu nguvu ya magadi. Besi hulegeza gundi inayoshikilia nyama ya maharage, hivyo yanalainika upesi na kuni zinaokolewa.

Lakini magadi yana gharama mbili zisizoonekana.

Ya kwanza: besi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage. Vitamini hiyo inahitajika na mishipa ya fahamu na moyo.

Ya pili ni kubwa zaidi kwetu sisi wa kaskazini. Magadi ya maziwa yetu mara nyingi huwa na madini yaitwayo floraidi. Floraidi kidogo husaidia meno. Ikizidi, meno ya mtoto yanayoendelea kutengenezwa ndani ya ufizi huharibika. Yakiota yanakuja na madoa ya kahawia, na mengine humeguka. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huumwa na kupinda. Wengi wanalaumu maji peke yake. Ni kweli, visima na chemchemi nyingi za mikoa ya Arusha na Manyara zina floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Lakini wataalamu wa meno waliochunguza kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 walikuta watoto wenye meno yaliyoharibika hata pale ambapo maji yalikuwa mazuri. Magadi ya kupikia yalikuwa sababu mojawapo.

Hatari hii huwapata hasa watoto wa chini ya miaka minane. Doa likishaingia katika jino, haliondoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Watoto wengine wamechekwa na wenzao mpaka wakazoea kufunika mdomo kwa mkono wanapocheka, nao hawana kosa lolote.

Wala usidhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote, basi inakolea zaidi. Karatasi ya binzari nayo haiioni. Floraidi hupimwa na wataalamu wa maji. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwa kawaida huwa na floraidi kidogo sana, nayo yafaa kuwekwa kwanza kwa uji na chakula cha watoto wadogo.

Na makande je? Loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia maji mapya, funika chungu. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju mpaka maharage yalainike, maana asidi hufanya kinyume cha magadi: inaikaza ile gundi. Mpishi anayetia nyanya mapema huchoma kuni nyingi bila kujua kwa nini. Huu ni ushauri mdogo, lakini naona unafaa kuliko mengi.

Shambani

Sasa tuingie shambani. Mahindi hupenda udongo wenye pH ya 5.5 hadi 7. Maharage hupenda karibu na 6 au 7. Chai hupenda uchachu, 4.5 hadi 5.5, ndiyo maana haistawi kila mahali.

Udongo ukiwa mchachu mno, madini ya alumini huyeyuka na kuumiza mizizi. Mizizi inakuwa mifupi na minene, mmea unadumaa hata mvua ikiwa nzuri. Udongo ukiwa na magadi mengi, chuma na zinki hujificha, na majani huwa ya njano. Mkulima anaona njano na kudhani ni njaa ya mbolea. Anaongeza mbolea, na fedha inapotea.

Mbolea nyingine zenyewe huleta uchachu. Mbolea ya SA, iliyotumika sana Tanzania, ni mojawapo. Vijidudu vya udongo vinapoigeuza iwe chakula cha mmea, asidi huachwa nyuma. Mwaka mmoja si kitu. Miaka kumi na tano bila samadi wala chokaa ya kilimo, shamba huchachuka. Dawa yake ni ileile tuliyoiona kwenye ndimu na magadi: besi hutangua asidi. Chokaa ya kilimo hufanya kazi hiyo. Samadi na majivu husaidia pia.

Tunayo mbolea nyumbani kwetu, Minjingu. Ukitoka Babati kwenda Arusha, ukishapita Magugu, utafika huko. Zamani sana Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko leo. Ndege wala samaki waliishi kwa wingi pale, na mifupa na mavi yao vikarundikana mpaka vikawa mwamba wenye fosfati. Mwamba huo umechimbwa tangu miaka ya 1980. Fosfati hujenga mizizi na mbegu.

Lakini mwamba huu uliosagwa ni mgumu kuyeyuka katika maji ya kawaida. Unahitaji asidi. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, enzi zake, kilitumia tindikali kali ya salfa kuyeyusha mwamba wa namna hii. Udongo mchachu hufanya kazi hiyohiyo polepole, bila malipo. Basi tuseme wakulima wawili wamenunua unga uleule wa mwamba. Mmoja ana udongo wa pH 5, mwingine ana udongo wa magadi wa pH 8. Kwa wa kwanza mwamba unayeyuka na mazao yanaupata. Tena unapunguza uchachu kidogo, maana una chokaa ndani yake. Kwa wa pili unabaki kama mchanga. Huyu wa pili atasema mbolea ni mbovu. Mbolea si mbovu. Imewekwa mahali pasipoifaa. Siku hizi kiwanda hutengeneza pia mbolea za punje zilizochanganywa na virutubisho vingine. Kwa hiyo soma maneno ya kwenye mfuko kabla hujalipa. Kusoma unajua sasa.

Utajuaje pH ya shamba lako? Chukua udongo sehemu kumi au zaidi za shamba, kina cha sentimeta 20. Usichukue kwenye kichuguu, wala mahali ulipochoma takataka. Changanya wote katika ndoo safi, anika kivulini, pima nusu kilo, andika jina lako na jina la shamba. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba wako aupeleke kupimwa. Ukidondosha ndimu juu ya udongo mkavu na ukatoa povu, jua tayari kwamba una chokaa au magadi, na chokaa nyingine usiinunue.

Ukiunguzwa

Tindikali ya betri hutoboa nguo, ngozi na jicho. Fundi anayechanganya humimina tindikali ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe hamimini maji ndani ya tindikali, kwa sababu hupata moto ghafla na kuruka usoni. Kostiki soda na chokaa mbichi huunguza vilevile, na mara nyingine bila maumivu makali mwanzoni, hivyo mtu huchelewa.

Likikupata jambo hili, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, hasa jicho. Kisha nenda hospitali. Usitie ndimu juu ya kostiki, wala magadi juu ya tindikali. Ni kweli zinatanguana, lakini zikitanguana hutoa joto, na joto hilo litaunguza kidonda. Aliyekunywa asitapishwe, maana kitu hicho kitaunguza koo mara ya pili kikirudi. Na tindikali isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Watoto wana kiu.

Kazi ya darasa

1. Leteni darasani ndimu, maziwa mgando, majivu, sabuni na magadi. Pimeni kwa karatasi ya binzari. Andikeni matokeo katika daftari.

2. Shamba moja lina pH 6, jingine lina pH 4. La pili lina uchachu mara ngapi zaidi?

3. Jirani yako anachemsha maji ya kisima kwa muda mrefu ili kuondoa floraidi. Utamweleza nini?

4. Ulizeni wapishi watatu kijijini: wanatia magadi kiasi gani katika chungu kimoja cha maharage, na wanayanunua kutoka ziwa gani? Jadilianeni majibu yao.